Simu ya Linux inasema imejaa na kadi ni ya 64GB? Fanya hivi

Watu wengi wenye PinePhone (simu ya Linux) wakiweka postmarketOS ama Mobian, mifumo ya Linux ya simu, kwa memori kadi wanashangaa kitu moja, kadi ni ya 64GB lakini ukiandika `df -h` unaambiwa imejaa na hata hujaweka picha. Shida ni kwamba imeji (faili ya mfumo mzima) uliyoflashi ilitengenezwa ikiwa ndogo, patisheni, yaani kipande cha kadi chenye mfumo, ikabaki na saizi ya hiyo imeji, nafasi ingine yote iko tu huko nyuma haina mwenyewe. Kawaida simu hujipanua yenyewe ikiwaka mara ya kwanza, lakini betri ikikata katikati ndio unabaki na patisheni fupi, na saa zingine mfumo wa faili umeharibika juu yake. Kwa hivyo unarekebisha kwanza, alafu ndio upanue.

Toa kadi kwa simu uweke kwa laptopu yenye Linux. Kupanua ext4 (mfumo wa faili wa hizi simu) simu ikiwa imewaka inawezekana, lakini kukagua na kupunguza lazima patisheni iwe haijamauntiwa, so heri ufanye yote ukiwa nje. Kama uko Kisumu ama Nakuru na laptopu yako betri ilishakufa, ile ya kukaa kwa soketi tu, tafadhali azima ingine, juu stima ikipotea resize2fs, komandi ya kubadilisha saizi ya mfumo wa faili, ikiwa katikati utalia.

Andika `lsblk` kabla kadi iingie, alafu uandike tena ikishaingia, ile mpya ndio yako. Usikisie. Kwa adapta ya USB inaweza kuwa `/dev/sdb`, kwa ile mlango ya kadi ya laptopu mara nyingi inakuwa `/dev/mmcblk0`. Mimi hapa natumia sdb, na sdb2 ni patisheni yake ya pili yenye mfumo (kwa mmcblk0 inaandikwa mmcblk0p2), wewe weka yako. Hizi komandi zote ni za root, weka `sudo` mbele.

Sasa bekapu. Nunua flashi, azima hadi ya jirani, lakini toa kopi. Kama `dmesg` (ujumbe wa mfumo) inaonyesha I/O error kila ukigusa kadi, hiyo kadi inakufa, usiikague hapo hapo, nakili na ddrescue:

`ddrescue -d /dev/sdb kadi.img kadi.map`

alafu urekebishe ile kopi. Kadi zingine za bei ya kutupa zinazouzwa kando ya stage zimeandikwa 128GB na ndani ni 8 tu, hizo hata urekebishe aje zitaharibika tena. Kadi ikiwa mpya na haina kitu, pima na `f3write` na `f3read` kabla uiamini.

Kukagua, anza kwa kuangalia bila kugusa:

`umount /dev/sdb2`
`e2fsck -fn /dev/sdb2`

Ile n inajibu hapana kwa kila swali, unaona tu ugonjwa ni mkubwa kiasi gani. Ikiwa ni makosa machache, rudia na `-fy`. Itapitia hatua tano, na faili zenye hazina jina utazipata kwa lost+found. Rudia hadi iseme safi. Ikikataa kabisa ikilia eti superblock (rekodi kuu ya mfumo wa faili) ni mbovu, usiformati, ext4 huweka kopi zingine ndani, na kwa bloku za 4096 kopi ya kwanza iko 32768:

`e2fsck -b 32768 -B 4096 /dev/sdb2`

Hiyo komandi inaweza kuokoa kadi yenye ilionekana ni ya kutupa.

Ikishakuwa safi, kupanua ni rahisi, patisheni kwanza, mfumo wa faili baadaye:

`parted /dev/sdb resizepart 2 100%`
`resize2fs /dev/sdb2`

Kama jedwali la patisheni (orodha yao kwa kadi) ni la aina ya GPT, parted inaweza kuuliza Fix ama Ignore, chagua Fix, ni ile kopi ya jedwali ya mwisho wa diski inasogezwa mahali pake. Lakini usitengeneze jedwali jipya la GPT eti kusafisha! Chip ya PinePhone, Allwinner A64, hutafuta kwanza u-boot, programu ya kuwasha simu, kwa kilobaiti ya 8, yaani sekta ya 16, na GPT ya kawaida inakalia sekta 0 hadi 33. GPT ikiandikwa juu ya hiyo u-boot simu haiwaki kwa hiyo kadi na data yako iko sawa tu, utazunguka siku nzima ukilaumu betri.

Kupunguza ni kinyume, mfumo wa faili kwanza alafu patisheni, na kusema ukweli usifanye kama hakuna haja. Mtego uko kwa namba: 10G ya resize2fs inahesabiwa kwa 1024, 10GB ya parted inahesabiwa kwa 1000, kwa hivyo ukiandika kumi na kumi umekata mkia wa data. Na parted inauliza mwisho wa patisheni uko wapi kwa diski, haiulizi saizi. Punguza hadi 10G, weka mwisho 12GiB, alafu rudia `resize2fs` bila namba ijaze yenyewe.

Uliweka nywila ya LUKS, yaani patisheni imefungwa kwa siri? Panua patisheni, fungua na `cryptsetup open /dev/sdb2 siri`, andika `cryptsetup resize siri`, na e2fsck na resize2fs unazielekeza kwa `/dev/mapper/siri`.

Na kama mfumo uko kwa eMMC, memori ya ndani ya simu, flashi Jumpdrive (imeji ya kufanya simu ionekane kama flashi) kwa kadi ingine ndogo, washa simu nayo (PinePhone huangalia kadi kwanza), chomeka kebo ya USB, eMMC itatokea kwa laptopu kama flashi. Lakini hata kadi yenyewe inatokea, so angalia saizi kwa `lsblk` kabla ubonyeze enter.