Boda imegonga kwa mbele? Legeza kwanza kabla hujanunua shokapu

Pikipiki ikishaingia shimo la maana au ikipiga jiwe, utaona dereva anashuka, anasimama mbele, anabana tairi kwa magoti halafu anauvuta usukani mpaka unyooke kwa macho, basi, anapanda anaendelea na abiria wake. Hapa Tanga ni kila siku, hasa kwa wanaopiga ruti za nje, Pongwe, Muheza, Horohoro, huko unapishana na malori usiku taa zinakupiga machoni, shimo unaliona ukiwa ndani yake tayari. Mchezo wa magoti sio mbaya, ni njia sahihi kabisa, shida watu wanaufanya bila kulegeza hata nati moja, na bila kujua kama shokapu zimejisokota tu kwenye klampu, yale mabano mawili yanayozishika pale chini ya usukani, au bomba lenyewe limepinda. Hizo ni habari mbili. Ya kwanza ni bure, spana tu na jasho. Ya pili ni kutoa hela. Na wapo wengi wanatoa hela kwa tatizo la bure, na wengine wanatembelea bomba lililopinda wakidhani ni usukani tu.

Naongelea hizi zetu za kawaida, Boxer, TVS, Haojue na wenzake, zenye shokapu mbili za bomba mbele. Bajaji ina mfumo wake, hiyo tuiache.

Kabla ya pikipiki jiangalie wewe. Kama kichwa kimepiga chini au mkono hauinuki nenda hospitali ya Bombo ukaonwe, chombo kitasubiri. Ukiwa mzima, palepale barabarani angalia tairi la mbele linazunguka bila kugusa kitu, breki ya mbele inashika na kuachia, na usukani unafika mwisho kulia na kushoto bila kugonga tanki wala kuvuta waya. Kimoja kikigoma usiiendeshe, itie kwenye guta au kirikuu mpaka kijiweni. Najua inauma kulipia usafiri wa pikipiki, ila ukiiendesha hivyo unaweza ukalipia zaidi.

Ukifika kwa fundi au nyumbani kama una spana zako, weka stendi kubwa halafu ingiza kipande cha mbao au kreti chini ya injini mpaka tairi la mbele lining'inie. Angalia isije ikakaa kwenye bomba la ekzosi, utaongeza tatizo lingine. Sasa usifungue kitu, tazama kwanza. Kaa pembeni uangalie nafasi kati ya tairi na injini, ukiona tairi limerudi nyuma kuliko kawaida kuna kitu kimekunjika. Kama jicho haliamini, kijiweni Boxer nyingine hazikosi, omba moja ya aina ileile isimame jirani, shika futi kamba upime kutoka katikati ya ekseli ya mbele mpaka boliti ya kukanyagia miguu, upande wa kulia na wa kushoto, kwenye pikipiki zote mbili. Usipime mpaka ekseli ya nyuma maana hiyo inasogea kila mtu anapokaza mnyororo wake, utapata vipimo vya uongo. Yako ikiwa fupi, ama bomba zimerudi nyuma ama shingo ya fremu, pale mbele usukani unapozungukia, imepinda.

Shingo ndio pa kuangalia kwa tochi, hapa wengi wanaruka. Ukiweza toa tanki, angalia pale fremu inapokutana na shingo, kwenye maungio ya kuchomelea. Rangi ikiwa imejikunja, imeinuka magamba au ina mstari mwembamba wenye kutu, chuma cha chini yake kimesogea. Hapo simama, usinunue shokapu wala nini, kwa sababu hata ukifunga mpya bado itavuta upande. Fremu ya hivyo inataka mtu mwenye vipimo na presi, au fremu nyingine, sio kijana wa kuchomelea mageti.

Kama shingo iko salama, sasa legeza. Anza na boliti za madigadi, halafu nati ya ekseli, halafu boliti za klampu ya chini na za klampu ya juu. Legeza tu, usitoe, maana ukitoa zote shokapu zitadondoka na tairi lake. Sasa ndio ubane tairi kwa magoti ugeuze usukani taratibu mpaka ukae sawa. Mara nyingi utasikia kitu kinaachia na usukani unarudi wenyewe wala hutumii nguvu. Ukiona hivyo furahi, zilikuwa zimejisokota tu. Shusha pikipiki chini, kaza klampu ya chini na ya juu, ekseli iache bado imelegea, shika breki uzikandamize shokapu mara kadhaa ili bomba zikae zinapotaka, ndipo ukaze ekseli na mwisho kabisa madigadi. Ukianza kukaza ekseli na madigadi unazilazimisha shokapu zikae vibaya na utabaki unashangaa mbona zinakwama zikishuka.

Kwa kuhakikisha kuna kipimo kizuri cha kioo. Toa madigadi, chukua kipande cha kioo bapa kingo zake uzipige msasa zisikukate, kiegemeze kwenye bomba zote mbili kwa mbele. Kikilala kimya bomba ziko sawa, kikicheza kona moja bado kuna msokoto au mojawapo imepinda. Legeza urudie. Ikikataa tena na tena, sio msokoto, chomoa bomba, ila kwanza soma hapo chini namna ya kufungua kizibo cha juu na boliti ya chini.

Bomba likishatoka lifute mafuta yote ulibingirishe juu ya kioo au meza bapa kabisa, weka tochi nyuma yake uangalie mwanga unaopita chini. Lililonyooka linabingirika kimya na mwanga hauonekani, lililopinda linaruka na utaona mwanga unafunguka na kufunga. Macho yako yaelekeze pale lilipokuwa limeshikwa na klampu ya chini, hapo ndipo zinapopindia karibu zote. Vitabu vya ufundi vya Honda kwa pikipiki nyingi vinaweka mwisho wa kupinda 0.2 mm, yaani kitu ambacho jicho likikiona waziwazi basi kimeshapita zamani. Ekseli nayo ibingirishe hapohapo, dakika moja tu.

Je, linyooshwe? Hapa najua nitagombana na mafundi. Vitabu vya Yamaha vinakataza kabisa kunyoosha bomba lililopinda kwa sababu linadhoofika. Mtaani linawekwa kwenye presi, na wengine wabaya zaidi wanapiga gesi mpaka liwe jekundu halafu nyundo. La gesi likatae hata kama ni bure, moto unaua ugumu wa chuma na kromu inaungua, siku umepakia abiria na gunia la machungwa ya Muheza ukakutana na tuta lisilo na alama litapinda palepale. La presi mimi pia sikubali kwa chombo cha biashara. Na likiwa na mkunjo unaoushika kwa kidole au kromu imepasuka, hilo ni skrepa, hakuna mjadala.

Ukienda kununua Ngamiani usitaje jina la pikipiki tu, nenda na bomba la zamani mkononi mlinganishe unene na urefu, maana boksi linaweza kuandikwa kitu na ndani kukawa na kingine. Kaunta nyingi za spea ni za kioo, basi omba ulibingirishe hapohapo kabla hujalipa, hasa la mtumba. Muuzaji akinuna, hamia duka la pili. Pitisha na kucha kwenye kromu juu mpaka chini, ikikwama kwenye vitundu vya kutu liache. Kwa sisi wa pwani hilo ni tatizo kubwa, na wanaobeba samaki kutoka Deep Sea au Sahare ndio zaidi, maji ya chumvi yanadondokea shokapu kila asubuhi, kutu inatoboa kromu, vile vitundu vinakula sili, ile raba inayozuia mafuta ya shokapu yasitoke. Ndio maana mtu anabadili sili leo na baada ya muda mfupi mafuta yanachuruzika tena, analaumu sili feki kumbe bomba ndilo linalokata.

Na sili utabadilisha tu, usirudishe ya zamani. Kizibo cha juu cha shokapu kina springi inayokisukuma, kandamiza wakati unafungua na uso uweke pembeni. Boliti ya chini kabisa ya alen wakati mwingine inazunguka bure pamoja na kile kijiti cha ndani, hivyo ilegeze mapema wakati springi bado imo na kizibo kimefungwa, msukumo wake unasaidia kukishika. Sili mpya ipake mafuta, ncha ya bomba ivishe kifuko laini cha nailoni ili isichane mdomo wa sili, halafu uisukume chini kwa kipande cha bomba la PVC kinacholingana nayo, sio kwa bisibisi kuzungukazunguka. Oili iwe ya shokapu na ujazo wa kitabu cha pikipiki yako, upime kwa bomba la sindano miguu yote miwili sawasawa. Oili ya injini ya 20W-50 ni nzito, shokapu inakuwa ngumu kama jiwe. Ukizidisha ujazo nako, shokapu ikishuka hewa inakosa nafasi na sili inasukumwa nje.

Wakati mbele kuko wazi shika klampu ugeuze shingo polepole kushoto kulia. Ikiwa kuna mahali katikati inajifunga kidogo, kama inaingia kwenye kijishimo, gololi zimechimba bakuli zake kwa ule mshindo, badilisha gololi na bakuli vyote, grisi peke yake haitibu hilo.

Rimu nayo usiisahau. Ya spoku funga waya kwenye shokapu ncha yake iwe karibu na ukingo wa rimu, zungusha tairi utazame nafasi inavyobadilika, ikizidi kama 2 mm mpelekee fundi wa spoku, Tanga na baiskeli zetu hizi hao hawajawahi kukosekana. Rimu ya kumwaga, ile isiyo na spoku, ikiwa na ufa ni kubadili, kuchomelea hapana.

Sasa kufunga, na hapa ndio nataka usome polepole kama breki yako ya mbele ni ya breki shuu. Ile sahani ya breki ina mfereji, na mguu wa shokapu una nundu ya chuma, nundu lazima ilale ndani ya mfereji kabla hujakaza ekseli. Ikikaa nje, siku utakapobana breki kwa nguvu sahani inazunguka na tairi, waya unakatika au tairi linajifunga ghafla, na wewe unapita juu ya usukani. Piga magoti uangalie kwa macho yako, usimuulize fundi "umeweka?" ukaridhika.

Jaribu bila abiria, barabara tupu, mwendo mdogo, mikono yote miwili kwenye usukani. Bana breki ya mbele taratibu kisha kwa nguvu kidogo. Kesho yake rudia kukaza nati za klampu na ekseli. Bado ikivuta upande na mbele kote umeshapima, usianze kufungua shokapu upya, nenda kaangalie tairi la nyuma, alama za kukazia mnyororo kushoto na kulia zinalingana?