Una lori yako na unaendesha mwenyewe? Soma hii kabla hujaiweka kwa kampuni

Kila nikilala Malaba, pale mpakani kwa Kenya na Uganda, lazima jamaa mmoja anifuate pale kwa chai, ati boss nimemaliza kulipa hedi yangu (kichwa cha lori), trela pia nimepata, sasa nipeleke gari kwa kampuni gani ya usafirishaji inipe mizigo? Mi huwa sitaji jina. Kampuni inayolipa vizuri leo, ukirudi baada ya mwaka unakuta meneja wameshambadilisha, na wenye magari wamejaa ofisini wanadai pesa. Kwa hiyo nitakwambia tu jinsi ya kuichunguza wewe mwenyewe, ukiumia usiseme ni mimi nilikutuma.

Kwanza ujue kwa nini unawahitaji. Wenye mizigo mikubwa, chuma, mafuta ya kupikia, ngano, hawana muda wa kuongea na mtu wa gari moja, wanataka mtu wa kuwapa magari 20 kwa wiki. Kampuni ina hiyo mikataba na ina leseni ya tranziti (mizigo inayopita nchi moja kwenda nyingine), na ina klaringi ejenti, yule wa kushughulikia karatasi za forodha, wanaofanya naye kazi. Wewe una gari na mikono. Sasa wanakata komisheni yao hapo katikati na hakuna ubaya, shida inakuja wakikata komisheni halafu gharama zote wanakubebesha wewe. Hapo unakuwa umewakopesha lori bure.

Watu wengi wanauliza bei ya safari tu. Wewe uliza safari ngapi kwa mwezi. Mombasa mpaka Kampala ni kama kilomita 1,170. Gari ikiwa imebeba na inakula kilomita 2 kwa lita, na kurudi tupu kilomita 3 kwa lita, hiyo ni karibu lita 975 kwenda na kurudi, hapo hujahesabu foleni na milima ya kule Kenya. Sasa tuseme, mfano tu, mafuta na gharama za njia zinakula dola 1,400. Kampuni ya kwanza inakupa dola 2,000 lakini mzigo unapata mara 2 kwa mwezi, unabaki na 1,200. Ya pili inakupa 1,850 na unazunguka mara 3, unabaki na 1,350. Ile iliyoonekana ndogo imekushindia. Lakini angalia, wakishusha mpaka 1,700 hata uzunguke mara 3 unabaki na 900 tu na tairi zimeisha zaidi, kwa hiyo usidanganywe pia na maneno ya "kwetu kazi ipo nyingi". Chukua kalamu uhesabu, usiogope kuhesabu mbele yao.

Halafu malipo. Hapa ndipo watu wanalia, bannange. Uliza adivansi, ile pesa ya mwanzo, ni kiasi gani na inatoka lini, kabla ya kupakia au baada, na balansi iliyobaki inalipwa siku ngapi baada ya kuleta delivari noti iliyogongwa mhuri. Wengine watakwambia siku 30, ukichunguza unakuta siku 30 zinaanza kuhesabiwa siku mwenye mzigo anapowalipa wao, na yeye anawalipa baada ya 60. Uliza hivi hivi, kwa maneno haya: mteja wenu akichelewa, mimi mnanilipa lini? Akianza kuzunguka na maneno umeshapata jibu. Mi niliwahi kukaa na kampuni moja, jina naliacha, nikafikisha safari 5 bila balansi hata moja, kila nikienda ofisini naambiwa mhasibu ametoka. Safari ya mwisho mzigo ulikuwa wa Kigali, nimeshapakia Mombasa, nikalala hapo siku 9 kwa sababu bondi ya ejenti wao, ile dhamana ya kodi wanayoweka forodha, ilikuwa imejaa na hawajaweza kufunga karatasi za mizigo ya zamani. Siku 9 nakula pesa yangu. Hakuna aliyenilipa hata shilingi, kwa sababu kwenye karatasi niliyosaini hakuna mahali palipoandikwa siku za kungoja.

Ndiyo maana nasema siku za kungoja ziandikwe. Ngapi za bure, na baada ya hapo wanalipa kiasi gani kwa siku, na zinahesabiwa wapi, kwa sababu kungoja Mombasa, kungoja mpakani na kungoja godauni ya mteja pale Kampala ni vitu vitatu tofauti. Mnakumbuka Januari 2022, ile foleni ya Malaba ya mambo ya kupimwa Covid, magari yalijipanga makilomita kwa makilomita upande wa Kenya. Wenye mkataba wa kueleweka walipata kitu, wengine tulikuwa tunapika ugali chini ya trela tu. Na kontena uliza pia: ikichelewa kurudishwa Mombasa, ile faini ya kampuni ya meli anabeba nani? Kama mteja ndiye amekaa nayo wiki mbili uani kwake isije ikakatwa kwako.

Kodi usiiache. Kampuni nyingi ni withholding ejenti wa URA, yaani mamlaka ya kodi ya Uganda imewapa kazi ya kukata kodi kwenye malipo yako, watakukata asilimia 6. Ni sawa, ni sheria, lakini dai cheti cha hiyo pesa kila mara kwa TIN yako (namba ya mlipa kodi), maana ukipeleka ritani, hesabu zako za kodi, ndiyo inakusaidia. Nimeona watu wanakatwa miaka na cheti hawana hata kimoja.

Leseni sasa. Gari ya kubeba mizigo ya tranziti lazima iwe na leseni ya forodha na iandikwe TRANSIT GOODS ubavuni, na hiyo leseni inaisha tarehe 31 Desemba hata kama umeitoa Oktoba. Kwa hiyo kama unahamia kampuni mpya mwezi wa 11 na leseni unalipia wewe, utalipa mara mbili ndani ya miezi miwili, bora usubiri Januari au wakubali kubeba ya kwanza. Ila kitu kimoja nakuomba: kadi ya gari, yaani logibuku, isibadilishwe jina. Atakayekwambia "tuweke logibuku kwa jina la kampuni ili leseni itoke haraka", mshukuru na uondoke. Wape makubaliano ya kutumia gari, yasainiwe mbele ya wakili, kadi ibaki kwako au kwa benki yako kama bado una mkopo.

Na mzigo wenyewe ni wa nani? Siku hizi kontena ya tranziti inafungwa ile sili ya elektroniki, watu wa forodha wanaiona kwa skrini, ukitoka njia iliyopangwa wanakufuata. Ikija kugundulika mzigo umemwagwa njiani, yaani umeuzwa kwa magendo kabla ya kufika, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inaruhusu hata gari kuchukuliwa. Gari yako, si ya kampuni. Kwa hiyo kampuni ambayo madereva wake wanajulikana kwa hizo biashara za usiku, hata ikulipe mara mbili achana nayo.

Mizani. Kikomo cha juu kabisa kwa Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari ya ekseli 7 (mihimili ya magurudumu), gari na mzigo pamoja, na kila ekseli ina kikomo chake, kwa hiyo unaweza kuwa sawa kwa jumla na bado ukashikwa kwa ekseli ya nyuma. Ukivuka mizani ya Mariakani salama bado kuna ya Mlolongo, Gilgil, Webuye, na huku kwetu Uganda Busitema na Magamaga. Kontena imefungwa sili, wewe hujui ndani imepangwaje, halafu faini unaambiwa ni ya dereva! Mkataba useme wazi: uzito ukizidi kwa makosa ya aliyepakia, faini na kuhamisha mzigo ni juu yao. Kampuni nzuri inapima kabla gari haijatoka Mombasa. Uliza kama wanapima.

Bima, haraka haraka. Yellow Card, ile bima ya COMESA ya kuvuka mipaka, inalipa watu wengine utakaowagonga huko nje, haikulipi gari yako wala mzigo. Uliza bima ya mzigo ni ya nani, na kama wanakutuma Juba uliza kama bima yako inagusa mambo ya vita na uporaji, nyingi hazigusi. Agosti 2021 madereva walisimamisha magari Elegu, mpakani kwa Uganda na Sudan Kusini, kwa sababu wenzao walikuwa wanauawa upande wa Sudan Kusini. Kampuni inayokulazimisha kwenda njia usiyoitaka, ati ukikataa hupati mzigo tena, hiyo si ya mtu mwenye gari moja. Haki ya kukataa njia iandikwe.

Sasa utajuaje haya yote ni kweli? Usiulize ofisini, ofisini kila mtu ni malaika. Nenda paking, tafuta magari yaliyo chini ya hiyo kampuni lakini yenye wenyewe, si ya kampuni, ongea na watu 3 au 4 kila mmoja peke yake. Usimuulize kama kampuni ni nzuri, atakwambia eeh wako poa. Muulize: balansi ya mwisho ulilipwa ya safari ya lini? Angalia na tairi zake pia. Mtu anayelipwa vizuri hatembei na vipara.

Ukiridhika anza na miezi 3, usisaini mwaka. Notisi ya kutoka iwe siku 30 kwa pande zote, na iandikwe kwamba ukitoka balansi zako wanazimaliza ndani ya muda fulani, maana wengine hukaa na pesa ya mwisho kama adhabu. Na mafuta wakikupa kwa mkopo kwenye stesheni yao, linganisha bei na ya stesheni ya jirani, hapo ndipo komisheni ya pili inapojificha.

Na siku ukitoka futa jina lao mlangoni kabla hujapakia mzigo wa mwingine. Mi nilisahau, nikasimamishwa njiani saa nzima nikieleza mimi ni wa nani.