Kuifuata jamii moja ndani ya sensa za zamani za India

Anza na swali dogo. Mimi nilichagua wafumaji wa Kiislamu wa kaskazini mwa India, nikafungua majedwali ya sensa ya 1931, ya mwisho ya enzi ya ukoloni kuchapisha hesabu kamili za jati, yaani tabaka la kuzaliwa.

Shika daftari, uandike kila jina la jamii yako. Wengi waliokuwa wakiitwa Julaha walijitambulisha kama Momin au Ansari mapema karne ya 20. Ukitafuta jina moja tu utadhani watu wametoweka, kumbe wamejipa jina lenye heshima zaidi. Jedwali halikuambii hilo. Waulize wanahistoria, kisha keti na wazee wafumaji wenyewe, uwasikilize bila haraka. Sehemu hii naipenda kuliko zote.

Kwenye tarakimu, laki yao ndiyo laki yetu, ila huandikwa 1,00,000. Krori ni laki 100.

Mipaka pia: wilaya ya 1931 leo yaweza kuwa Pakistan au Bangladesh. Linganisha ramani kabla ya kujumlisha.