Lenzi ya zamani imefika na hitilafu: irudishe au uitengeneze?

Usishike bisibisi kwanza. Lenzi ikishafunguliwa hairudishiki: muuzaji akiona kichwa cha skrubu kimechunika atasema hitilafu umeitia wewe, nawe hutakuwa na cha kumjibu. Siku ya kwanza ni ya macho, tochi na kamera tu. Ukishajua ubovu uko kwenye chuma au kwenye kioo, nusu ya uamuzi umekwisha. Cha chuma hutengenezeka: grisi iliyokauka, mafuta kwenye apecha (lile tundu la ndani linalofunguka na kufunga kupimia mwanga), ringi inayocheza. Cha kioo mara nyingi hakirudi kilivyokuwa.

Iache izoee hewa kabla ya kuihukumu

Mombasa ina mtego wake. Lenzi iliyolala kwenye chumba chenye AC, ukitoka nayo barazani hushika umande papo hapo. Ukiimulika utaona utando mweupe unaofanana kabisa na ule wa lenzi mbovu, na ni rahisi kurudisha kitu kizima kwa kosa hilo. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, uiache nusu saa mpaka joto lake lilingane na la hewa, kisha uitoe. Utando ukiwa umetoweka, ulikuwa umande. Ukiwa bado upo, endelea kuchunguza.

Ingia chumba cha giza au ngoja magharibi. Fungua apecha yote, iwe f/1.8 au f/2 kulingana na lenzi, uwashe tochi ya simu nyuma yake kwa pembe, na wewe uangalie kutoka mbele huku nyuma kukiwa na kitu cheusi. Kisha geuza, umulike kutoka mbele na kuangalia kutoka nyuma. Fanya pande zote mbili, kwa sababu kuna uchafu unaojificha upande mmoja.

Koga huonekana kama utando wa buibui: nyuzi nyembamba zilizoanzia nukta moja zikatawanyika kama mizizi, aghalabu karibu na ukingo wa kioo. Utusitusi ni tofauti, hauna nyuzi; ni weupe laini uliotanda sawasawa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Huo hutokana na mvuke wa grisi iliyopata joto ukagandia kioo cha ndani. Ukiona rangi za upinde wa mvua, au doa linalometa ukingoni kama mafuta juu ya maji, vioo viwili vilivyogandishwa pamoja vimeanza kuachana.

Vumbi kidogo si hitilafu. Viputo viwili vitatu ndani ya kioo cha lenzi ya Kisovieti au ya zamani ya Jena, Ujerumani, si hitilafu pia. Vilizaliwa na kioo chenyewe na havionekani kwenye picha. Alama nyembamba kwenye kioo cha mbele hazina madhara makubwa. Mchubuko kwenye kioo cha nyuma ndio wa kuogopa, maana huonekana kwenye picha mapema zaidi, hasa ukipiga kuelekea mwanga.

Apecha na fokasi

Zungusha ringi ya apecha kutoka mwanzo hadi mwisho, ukiangalia vibati vya ndani. Kisha sukuma pini au kitufe kidogo cha nyuma kinachofunga apecha, ukiachilie. Vibati viruke mara moja. Vikijongea polepole kama mtu aliyeamshwa usingizini, vina mafuta. Uzito wa hitilafu hiyo unategemea kamera yako. Kwenye Pentax Spotmatic na kamera nyingine za filamu, vibati vinavyochelewa havifungi kabla shata haijafunguka, kwa hiyo picha hutoka imeungua kwa mwanga. Kwenye kamera ya dijitali yenye adapta (ringi inayounganisha lenzi na kamera isiyo ya aina yake), ambako wewe mwenyewe unafunga apecha kwa mkono, unaweza kuishi nayo. Helios 44-2, kwa mfano, apecha yake hufungwa kwa mkono tangu kiwandani, na mafuta kidogo kwenye vibati vyake vinane si sababu ya kurudisha.

Fokasi izunguke kwa uzito mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Ikikaza, grisi imekauka. Ikikwaruza kama ina mchanga, pengine ina mchanga kweli, na hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu mchanga hula hesi za ndani kila unapozungusha.

Wengi huikosea lenzi kwenye jambo la kuona mbali. Wanaifunga kwenye kamera, wanalenga minara ya upande wa pili wa maji, picha haikazi, wanadai warudishiwe pesa, kumbe mwenye makosa ni adapta. Lenzi ya hesi za M42, yaani inayofungwa kwa skrubu ya kipenyo cha milimita 42, imeundwa ikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Kamera ya Nikon F yenyewe ina milimita 46.5 toka mdomo wa lenzi hadi filamu. Ukiunganisha hizo mbili kwa adapta isiyo na kioo, lenzi iko mbali kuliko inavyotakiwa, na haitafika mbali hata ikiwa mpya. Kwenye Canon EF yenye milimita 44, au Sony E yenye milimita 18, nafasi ipo, lakini adapta yenyewe lazima iwe ya kipimo. Ikizidi kwa sehemu ya kumi ya milimita tu, lenzi ya 50mm itaishia kuona vizuri mpaka mita 25 hivi. Jaribu adapta nyingine, au lenzi nyingine kwenye adapta hiyohiyo, kabla ya kumwandikia muuzaji.

Kipimo cha mwisho kinahitaji upeo wa macho, na kwa hilo Mombasa imejaliwa. Nenda Mama Ngina asubuhi, uilenge meli iliyo mbali kule nje baharini. Weka kamera kwenye tripodi, apecha wazi yote, ukaze fokasi kwenye meli ikiwa katikati. Bila kugusa ringi, piga picha nne nyingine, meli ikiwa kila kona. Kona zote zikilegea kwa kiasi kimoja, hiyo ni tabia ya lenzi za zamani, wala si ubovu. Upande mmoja ukiwa laini na wa pili umekaza, kuna kioo kilichokaa upande: lenzi iliangushwa, au ilifunguliwa ikarudishwa vibaya. Angalia ringi ya filta kama imebonyea, na vichwa vya skrubu kama vimechunika, vitakupa jibu.

Uamuzi

Gundi iliyoachana: rudisha. Kuitenganisha na kuigandisha upya ni kazi ya mtaalamu mwenye vifaa vya kupanga vioo kwenye mhimili mmoja, na gharama yake hupita bei ya lenzi nyingi za aina hii. Kioo kilichokaa upande: rudisha. Mchanga kwenye hesi: rudisha, isipokuwa umeipata kwa bei ya kutupwa.

Kuhusu koga tuna msimamo mkali. Koga hutoa asidi inayokula kotingi, lile tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo, na hatimaye kioo chenyewe. Ukiisafisha, mara nyingi hubaki kivuli cha nyuzi zile. Huamka unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hadi 70, na Mombasa hewa ya kawaida iko juu ya hapo karibu mwaka mzima, masika ndiyo usiseme. Lenzi ambayo mtu wa Nairobi angeiweka miaka bila koga kuenea, hapa pwani itakuwa imeharibika zaidi baada ya misimu michache. Koga ikiwa kwenye kioo cha katikati, rudisha lenzi. Koga changa kwenye kioo cha mbele kabisa au cha nyuma kabisa, mahali panapofikika bila kufumua lenzi nzima, hiyo unaweza kuijadili bei.

Utusitusi, mafuta ya apecha na grisi kavu vyote hutengenezeka, na hapo hesabu ndiyo inayoamua. Tuseme umelipa shilingi 7,000, nakala safi ya lenzi hiyohiyo inauzwa 11,000, na fundi anataka 3,000. Utakuwa umetumia 10,000, umeokoa 1,000 tu, na kazi ikiharibika hasara ni yako. Rudisha. Lakini muuzaji akikurudishia 2,000 uibakize lenzi, na fundi akataka 1,500, imekusimamia 6,500. Hiyo ni biashara nzuri. Kwa lenzi zilizotoka Japani au Ulaya, kurudishiwa sehemu ya pesa ndilo ombi la kuanza nalo, kwa sababu nauli ya kurudisha kutoka hapa inaweza kukaribia bei ya lenzi yenyewe, na ushuru uliolipa hapa hauji pamoja na pesa za muuzaji.

Angalia saa pia. Kwenye eBay unazo siku 30 tangu mzigo kufika kudai kwamba bidhaa si kama ilivyoelezwa. Usikubali muuzaji akuzungushe kwa maneno matamu mpaka zikaisha. Tangazo likiwa limesema lenzi ni ya vipuri, kwa kawaida huna dai la ubovu. Kwa aliyekuuzia mjini, kubalianeni siku za kujaribu kabla ya kutuma M-Pesa, na yawe kwa maandishi, kwa sababu pesa ikishaingia kwake kwa hiari yako, kuirudisha ni juu ya uungwana wake. Mwenye duka ana wajibu zaidi: Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamtaka auze kitu chenye ubora unaostahili. Mwandikie kwa adabu na kwa kipimo:

«Salaam aleikum kaka. Ile lenzi ya 50mm niliyochukua kwako juzi nimeijaribu. Kioo cha ndani kina koga, nimekutumia picha tatu zilizopigwa kwa tochi. Tangazo lilisema kioo ni safi. Sijaifungua wala kuisafisha. Naomba nikurudishie Ijumaa unirejeshee pesa zangu, ama tupatane bei. Shukran.»

Maneno «sijaifungua wala kuisafisha» usiyaache. Na yawe kweli.

Ukiamua kutengeneza

Fundi wa saa hodari anaweza kuwa bora kuliko fundi wa kamera asiyezijua lenzi zinazozungushwa kwa mkono. Muulize mambo matatu. Je, ana spana ya lenzi yenye ncha mbili zinazosogezeka? Je, ana bisibisi za JIS, yaani za kipimo cha Kijapani? Skrubu nyingi za lenzi za Kijapani zina msalaba wa kipimo hicho, na bisibisi ya kawaida ya nyota huzichuna. Na je, hupiga alama mahali hesi za fokasi zinapoachana? Hesi hizo zina milango mingi ya kuingilia. Zote hupokea, lakini ni mmoja tu unaorudisha fokasi mahali pake. Fundi asiyelijua hilo asiiguse.

Ukiifanya mwenyewe, ishia kwenye kioo cha mbele au cha nyuma. Ringi yenye jina la lenzi kwa kawaida hufunguliwa kwa kuikandamiza na kipande cha mpira na kuzungusha kinyume cha saa. Ikikataa, dondoshea tone moja la asetoni kwenye hesi kwa ncha ya sindano, ngoja dakika chache, ujaribu tena. Asetoni isifike kwenye plastiki wala rangi. Chora mshale mdogo kwenye ukingo wa kila kioo unachotoa uonyeshe upande wa mbele, na upige picha kila hatua.

Utusitusi hutoka kwa aisopropili ya asilimia 99, ileile wanayosafishia bodi mafundi wa simu. Lowesha kitambaa laini, si kioo, upanguse kutoka katikati kwenda nje. Kwa koga, changanya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa na amonia ya nyumbani, kiasi sawa, matone machache tu kwenye kisahani, dirisha likiwa wazi. Pitisha kwa pamba dakika mbili tatu, futa, umalizie kwa aisopropili. Mchanganyiko uliobaki umwage. Ukiufunga kwenye chupa unatoa gesi na chupa inaweza kupasuka. Vibati vyenye mafuta huoshwa kwa petroli ya laita (ile ya kujazia viberiti, si ya gari), mara kadhaa, mpaka vikauke bila alama. Usivitie mafuta mapya kamwe.

Kuna rangi moja inayowatisha watu bure. Super-Takumar 50mm f/1.4 ya vioo saba ina thoriamu, metali yenye mnururisho hafifu, ndani ya kioo, na kwa miaka kioo hicho hugeuka rangi ya chai. Dawa yake ni mwanga wa urujuanimno (UV). Taa ndogo ya urujuanimno ni salama zaidi hapa kuliko jua, kwa sababu jua la utosini la Mombasa huyeyusha grisi ikatiririkia apecha. Ukitumia jua, liwe la asubuhi, saa mbili hadi saa nne, kwa siku nyingi mfululizo, nje ya dirisha, bila filta. Funika nyuma ya lenzi kwa karatasi ya alumini, ili miale isipenye ikaunguza kitu.

Lenzi ikishapona usiirudishe kwenye mfuko wa ngozi, huko ndiko koga hulelewa. Iweke kwenye kasha la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, pamoja na silika jeli na kipima unyevu kidogo, kisome asilimia 40 hadi 50. Silika ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba maji. Ikaushe kwenye ovena kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, iache ipoe ndani ya chombo kilichofungwa, uirudishe kazini.