Somo: Hemu ya Krismasi ya Kijamaika, sosi ya nanasi na ramu (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Wakuu, kila ikiingia Desemba simu yangu haipumui. "Ile nyama yako inayong'aa unaifanyaje?" Nimeeleza kwa sauti, kwa maandishi, hadi kwa mchoro. Sasa naandika mara moja tu, na atakayeniuliza tena nitamrushia hapa.

Niko Birmingham. Ujuzi huu nimeupata kwa mama wa Kijamaika ambaye nyumba zetu zimegawana ukuta. Kwao Krismasi bila hemu ni kama ya kwetu Moshi bila mbege. Kwa asiyejua, hemu ni paja la nguruwe lililolazwa kwenye chumvi siku nyingi, mara nyingi likapitishwa kwenye moshi. Usilichanganye na kitimoto ya kukaanga.

Kwa paja la kilo 4: juisi ya nanasi nusu lita, sukari ya kahawia robo kilo, ramu nyeusi nusu kikombe, haradali kijiko kikubwa kimoja, tangawizi iliyokwanguliwa kipande cha kidole gumba, ndimu moja, pilipili mbuzi moja nzima, karafuu konzi moja, na punje kumi za pimento zilizotwangwa. Pimento ndiyo roho ya sosi hii. Kwa macho utadhani ni pilipili manga iliyonenepa, ila ukiitwanga unasikia karafuu, mdalasini na kungumanga kwa mpigo. Ukiikosa, changanya hivyo vitatu, kidogo kidogo.

1. Soma lebo. Hemu iliyokwisha kuiva unaipasha tu. Ile mbichi, ambayo Waingereza wanaiita gammon, ichemshe kwanza kwa moto mdogo kama dakika 40 kwa kila kilo, kisha ruka hatua ya 3.

2. Ondoa ngozi, bakisha mafuta. Yachanje mshazari huku na huku mpaka upate vipande vya umbo la kashata, kisu kisifike kwenye nyama. Kila mistari inapokutana, chomeka karafuu.

3. Trei, vikombe viwili vya maji chini, funika kwa foili. Oveni digrii 160, nusu saa kwa kila kilo.

4. Sosi. Chemsha vyote isipokuwa ramu na zile karafuu, mpaka ipungue karibu nusu. Pilipili iingie nzima na itoke nzima. Ikipasuka, shauri yako. Chovya kijiko, pitisha kidole mgongoni mwake: mstari ukibaki wazi, imekubali. Usingoje iwe nzito kama asali, maana ikipoa itajiongeza yenyewe. Zima jiko kabisa ndipo umimine ramu. Mvuke wa pombe unadaka moto, na nyusi zinachukua muda kuota.

5. KUPAKA. Hapa ndipo mnaponiulizia kila mwaka, na hapa ndipo nilipoaibika. Mara ya kwanza niliwaza hivi: sosi ikikaa muda mrefu itapenya ndani. Nikapaka tangu mwanzo, nikafunga mlango wa oveni, nikaenda kupiga stori. Baada ya saa moja king'ora cha moshi kinalia, wageni wako kwenye korido na makoti yao, mimi nakwangua kitu cheusi kama lami. Nyama chini yake ilikuwa salama, lakini uchungu wa sukari iliyoungua ulishaingia kwenye mafuta yote. Sosi hii HAIPENYI. Kazi yake ni kuganda juu. Kwa hiyo subiri hadi ibaki nusu saa. Toa foili, pandisha oveni mpaka 200, paka tabaka jembamba, rudisha. Baada ya dakika 10 paka tena, halafu tena: mara tatu nyembamba, kamwe si moja nene, kwa sababu nene inateleza yote kwenye trei. Maji ya trei yakikauka ongeza, la sivyo matone yataungua na kuijaza nyama moshi. Katika zile dakika 10 za mwisho usiondoke jikoni. Kutoka rangi ya shaba hadi makaa ni dakika mbili.

6. Ipumzishe dakika 20. Kata.

MASWALI

jiko_la_kona: Mkuu oveni digrii ngapi?

Jibu: Hatua ya 3 na ya 5.

mzee_wa_jioni: Ramu sina, Konyagi si inafaa?

Jibu: Haifai. Ramu nyeusi ina ladha ya molasi, Konyagi hiyo haina. Acha pombe kabisa, badili nusu ya sukari kwa sukari guru. Konyagi kunywa mwenyewe.

tajiri_mdogo: Nimefuata somo lako, nikalaza nyama kwenye juisi ya nanasi usiku kucha, nje imekuwa uji. Ungetuonya!

Jibu: Nionyeshe niliposema ulaze. Nasubiri.

binti_wa_tanga: Lakini kwa nini iwe uji? Nanasi si tunda tu?

Jibu: Swali zuri dada. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kiitwacho bromelini, kinakata protini za nyama. Ni ndugu wa kile cha papai bichi tunachopaka kwenye mishkaki iliyo migumu. Moto unakiua, ndiyo maana sosi iliyochemshwa haina neno, na juisi ya kopo pia, kwa kuwa ilishapashwa moto kiwandani. Ukilaza nyama kwenye juisi isiyopikwa, saa moja inatosha.

ustadhi_mlaji: Sisi wengine hiyo nyama hatuigusi, ila sosi imenitamanisha.

Jibu: Karibu sana. Toa ramu, tia maji mazito ya ukwaju vijiko viwili na kipande cha sukari guru. Paka kuku mzima nusu saa kabla hajaiva, kwa utaratibu uleule. Jirani yangu naye humpaka bata mzinga hivyo.

jiko_la_kona: Na hiyo 200 nusu saa nzima?

Jibu: Ndiyo. Nzima.

binti_wa_tanga: Nina choya kavu nyumbani. Ikiingia itaharibu?

Jibu: Itaipendeza! Wajamaika wanaita sorrel, na juisi yake yenye tangawizi na pimento ndiyo kinywaji chao cha Krismasi. Ichemshe na nusu ya juisi ya nanasi, chuja, ongeza sukari kidogo kwa sababu ya ukali wake. Rangi inatoka ya damu ya mzee.

mzee_wa_jioni: Mfupa je? Mbwa?

Jibu: Mbwa mpe kingine! Ule mfupa wao wanaupikia supu ya gungo, na gungo ni mbaazi hizi hizi zetu. Roweka mbaazi kavu usiku, chemsha na mfupa, thaimu na kitunguu cha majani.

binti_wa_tanga: Na tui la nazi?

Jibu: Tia tu, watu wa Tanga hamzuiliki. Ila chumvi usiiguse mpaka uonje, mfupa umeshaibeba.