Jinsi ya kuisoma picha ya sonara Paul Revere (1768): anzia mikononi

Jamani leo somo ni picha moja tu, ile mchoraji John Singleton Copley aliyomchora Paul Revere, sonara wa Boston, Marekani, mwaka 1768. Yenyewe iko Museum of Fine Arts, jumba la sanaa hukohuko Boston, rangi za mafuta, kimo chake hakifiki hata mita. Ifungue kwenye simu, ikuze, twende.

Hatua ya 1. Uso uache kwanza, nenda mikononi. Mkono mmoja umeshika kidevu, wa pili umeshika buli la fedha, sasa angalia tumbo la buli, utaona vidole vyake vimejirudia pale kama kwenye kioo. Mimi nimekulia karakana ya sonara kwahiyo hapa ndo huwa nagota, maana fedha ikishang'arishwa haina rangi yake, inaazima ya kilicho karibu. Copley kaweka weusi, weupe na rangi ya ngozi basi, jicho lako ndo linasema hii fedha. Kaa hapa dakika tano usiharakishe.

Hatua ya 2. Mezani kuna kalamu za chuma za kunakshia, na buli limekalia mto wa ngozi. Mto ule unajazwa mchanga, unamsaidia fundi kukizungusha chombo taratibu huku kalamu inakata. Halafu buli lenyewe bado halina nakshi hata moja! Mi naisoma hivi: anawaza aanzie wapi.

Hatua ya 3. Nguo. Hana koti, hana wigi, shati la kitani liko wazi shingoni, wakati wenye nafasi zao walichorwa wamevaa kamili. Ila vifungo vya kizibao ni vya dhahabu, huyu si kibarua.

Hatua ya 4. Sasa ndo panda usoni. Anakutazama kama umemkatiza kazi.

MASWALI

Swali: Huyu si ndo yule wa farasi usiku kwenye vita vya uhuru wa Marekani?
Jibu: Ndiye, aliyepanda farasi usiku kuwaonya wenzake kwamba askari wa Uingereza wanakuja, ila ile ni Aprili 1775, hapa bado miaka saba, ni fundi tu wa mjini.

Swali: Mbona meza safi hivyo, sonara gani hana makaa wala vumbi?
Jibu: Umeona vizuri sana. Ile si meza ya karakana, ni mbao iliyopigwa msasa inang'aa, amepangwa pale akae. Kazi ni ya kweli, mahali ndo pamepambwa.

Swali: Copley na Revere walijuana?
Jibu: Sana, Revere alimtengenezea fremu za picha zake ndogondogo. Na Copley mwenyewe aliwahi kulalamika kwenye barua kwamba watu wa kwao wanauona uchoraji ni kazi ya mikono kama useremala au ushonaji viatu. Ndo maana mi naona alimwelewa huyu mtu.

Swali: Nifanyie mazoezi picha gani?
Jibu: Nathaniel Hurd, sonara mwingine wa Boston, kamchora Copley huyohuyo, iko jumba la sanaa la Cleveland, Marekani. Yule kakaa na vitabu, kifaa hakuna hata kimoja. Ziweke pamoja, uanzie mikononi tena.