Chaja ya gari la umeme nyumbani: pesa ianzie kwenye ethi

Siku hizi kabla sijaulizwa chaja gani nzuri, naulizwa ruzuku. Mtu ana mtoto London au shemeji Marekani, katumiwa picha ya tangazo kwamba serikali inarudisha pesa ya chaja, basi simu inapigwa: "Fundi, hiyo fomu tunaichukua wapi, ZECO au ZRA?" Yaani shirika la umeme la hapa Zanzibar, au mamlaka ya mapato ya Zanzibar.

Tulimalize hilo kwanza. Pesa hizo si uongo, ila zimefungwa na nyumba iliyoko huko huko. Marekani mlipa kodi alipewa nafuu ya asilimia 30 ya gharama ya chaja na kazi ya kuifunga, isizidi dola 1,000, tena kwa maeneo maalumu tu, na sheria iliyotiwa saini Julai 2025 ikaweka mwisho wake kwa vifaa vilivyoanza kutumika hadi Juni 30, 2026. Uingereza, mpango wa pauni 350 kwa mtu mwenye nyumba yake ulifungwa 2022, wakabakishiwa zaidi wapangaji na wanaokaa kwenye fleti. Chaja ikishapanda meli kuja bandari ya Malindi hapa Unguja, serikali zile hazina habari nayo. Na mimi katika chaja nilizofunga, tokea Mtoni mpaka Kizimkazi, sijamwona mteja aliyerudishiwa hata shilingi. Akikujia mtu na "fomu ya ruzuku ya chaja" na anataka ada ya kuijaza, mpe chai, aende zake.

Nafuu ya kutafuta kwetu iko kwenye forodha, na hutafutwa kabla gari halijapakiwa, si baada ya kushushwa. Gari la umeme tupu lina namba yake ya ushuru, 8703.80, siyo ile ya haibridi wala ya petroli. Muulize wakala wako ataandika ipi. Ushuru wa forodha ni wa TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, hata huku Visiwani, na ZRA ina kodi zake; uliza kote kuwili, jibu ulipate kwa maandishi. Bajeti husomwa kila Juni, kwa hiyo jibu alilopewa jirani yako mwaka jana ni lake.

Zaidi ya hapo, pesa utakayookoa ni ile usiyoitoa kununua chaja kubwa kuliko haja yako.

Chaja ya ukubwa gani

Unguja kutoka ncha mpaka ncha ni kilomita kama 85. Chukua mtu wa Fuoni: asubuhi anapeleka watoto skuli, anaingia kazini Mjini, jioni anapita Bububu kumwona mama yake. Kilomita 40 zinamtosha na chenji inabaki. Nissan Leaf, ndiyo gari ninayokutana nayo zaidi, kwa mwendo huo inakula uniti 6 au 7 za betri. Ongeza zinazopotea njiani wakati wa kuchaji, mita yako ya TUKUZA, ile ya kulipia kabla, itasoma kama 8. Zidisha kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti yako, ulinganishe mwenyewe na petroli.

Sasa uniti 8 kwa chaja ya ampia 16 ni saa mbili na ushei. Usiku una saa ngapi? Ndiyo maana nikiletwa nyumba ya kawaida nafunga ampia 16, na mwenye gari anayetaka ya 32 kwa sababu kaiona mtandaoni namuuliza analala saa ngapi. Tena Leaf nyingi za Japani chaja iliyomo ndani ya gari inavuta kilowati 3 na kidogo, basi. Ukiipa boksi la ampia 32 itachota hizo hizo, na umeshalipia waya mnene bure. Ya 32 ni kwa anayefanya biashara, mathalani gari la kuchukua wageni uwanja wa ndege kwenda Nungwi, likarudi mchana likatoka tena. Huyo aende ZECO kwanza kuuliza kama laini na transfoma ya mtaa wake vinabeba.

Angalia na tundu la gari. Leaf ina mawili puani: dogo la Taipu 1, na kubwa la CHAdeMO ambalo ni la chaja za haraka, kwa nyumbani lisahau. Gari za Ulaya ni Taipu 2, za China nyingi ni GB/T. Waya uliokuja na gari kutoka Japani umeandikwa volti 200 na plagi yake ni ya kwao. Watu huikata wakaweka plagi ya pini tatu na gari ikachaji, lakini kifaa cha volti 200 kinachopewa 230 au 240 kila usiku mimi sikifungi. Nunua kilichoandikwa volti 230, hazi 50.

Zile chaja wanazotuma ndugu kutoka Uingereza ni nzuri na zinaendana na umeme wetu, ila zina tabia. Kanuni za kule zilizoanza kutumika katikati ya 2022 zinataka chaja ichelewe kuanza kwa muda wa bahati nasibu hadi dakika 10, na itoke kiwandani imepangwa kukwepa asubuhi na jioni za siku za kazi. Nimeitwa kwenye chaja "mbovu" ambayo haikuwa na ubaya wowote, inasubiri tu London iishe shughuli. Ingia kwenye programu yake, weka saa zako. Za Marekani waachie wenyewe. Umeme wao wa volti 240 ni faza mbili zisizo na nyutro, hazi 60, na baadhi ya chaja hizo zikikagua ethi ya nyumba zetu, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, zinagoma.

Ethi

Hapa ndipo ninapobishana na wateja, maana ethi haionekani na mgeni akija huwezi kumwonyesha.

Nyumba nyingi ninazoingia zinategemea rodi yake yenyewe iliyopigwa ardhini nje ya ukuta. Nikiipima nakuta omu 200 (omu ni kipimo cha ukinzani, zikiwa chache ndiyo ethi nzuri), mara nyengine zaidi, na mwenye nyumba hajui kwa sababu taa zinawaka na friji linaganda. Fanya hesabu. Faza ikigusa bodi ya gari, volti 230 kwa omu 200 ni ampia 1 na kitu. Breka ya ampia 20 haitotikisika. Umeme utakaa pale juu ya bodi, kimya, mpaka alfajiri kijana anayeosha gari aje na ndoo, miguu mitupu juu ya sakafu iliyorowa.

Kinachomwokoa kijana huyo ni RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30, na si RCD yoyote. Gari la umeme linaweza kuvujisha mkondo wa moja kwa moja, ule wa betri, na RCD ya kawaida aina ya AC ikipata mkondo huo hupumbaa: ipo, kitufe kiko, lakini haikati. Unataka aina ya A pamoja na chaja yenye kinga yake ya ndani ya miliampia 6, au kama chaja haina kinga hiyo, RCD aina ya B. Tazama alama usoni: AC ina wimbi moja tu, A ina wimbi na chini yake vinundu viwili, B inaongeza mistari iliyolala. Madukani kwetu AC ndiyo imejaa na muuzaji atakwambia zote sawa. Si sawa. Ya A na B pengine utaagiza Kariakoo, ije na boti.

Halafu rodi yenyewe. Kwenye udongo wa kinongo inazama, unapiga nyundo mpaka inaishia. Ukienda Paje, Jambiani, Makunduchi, kote kwenye maweni, rodi inaingia shibiri mbili, inagonga jiwe, inapinda. Hapo wapo mafundi wanaoikata kwa msumeno, kinabaki kichwa tu kinang'ara juu, na picha inapigwa. Ukiona rodi inayochezacheza kwa mkono, umeshajua. Kwenye jiwe nachimba mtaro nalaza utepe wa shaba, au napiga rodi kadhaa fupi kwa kuachana, nikaziunganisha kwa waya mmoja. Na natafuta penye unyevu: kwenye mgomba unaopata maji ya kuoshea vyombo, nyuma ya choo, karibu na kisima. Shabaha yangu ni chini ya omu 100. Msimamie fundi apime kwa mashine ya kupimia ethi, namba uione kwa macho yako na aiandike kwenye risiti. Asiye na mashine hiyo asikufungie chaja, awe hodari vipi. Upimaji wenyewe ufanyeni kiangazi. Wakati wa masika ardhi yote imerowa na kila ethi ni nzuri.

Volti na waya

Jaribu hili kabla hujanunua chochote. Saa mbili usiku, watu wote wako nyumbani na viyoyozi vyao, fundi apime volti kwenye mein swichi. Kisha washeni pasi na birika la umeme kwa pamoja, apime tena. Ikishuka volti mbili tatu, sawa. Ikitoka 215 ikaanguka 195, waya unaotoka kwenye nguzo hautoshi au kiungo kimelegea, na chaja itakuwa inajizima kila jioni. Hilo ni la kuwapelekea ZECO, fundi wako asiguse upande wa nguzo.

Hata palipo na volti nzuri mimi napanga chaja ianze saa sita usiku. Ramadhani nasogeza mpaka saa nane, maana watu hawalali mapema. Mwenye gari ataamka daku na betri imeshajaa nusu.

Waya utoke mein swichi moja kwa moja mpaka kwenye chaja, bila kupachikwa soketi njiani, na uwe na breka yake peke yake. Kwa ampia 16 na umbali wa mita 25, waya wa milimita 4 unapoteza volti 4 na nusu hivi, wa 2.5 unapoteza zaidi ya 7. Naweka wa 4. Kwa ampia 32 ni wa 6, na nyumba ikiwa mbali na geti, wa 10. Ununuzi wa waya ndiyo mlango wa wizi, kwa hiyo soma maandishi juu ya ganda, na ncha ikichunwa ikwaruze kwa kisu: shaba ni nyekundu mpaka ndani, aluminiamu iliyopakwa rangi ndani ni nyeupe.

Kuchaji kwa soketi ya kawaida ya pini tatu kunawezekana ukiteremsha chaja mpaka ampia 10 au 8, soketi iwe ya maana na iko peke yake. Baada ya nusu saa shika plagi kwa kiganja. Ukishindwa kukiacha kiganja hapo, zima. Nimetoa plagi ambayo pini ya faza imekuwa rangi ya kahawa na plastiki imeishika soketi kama ubani. Ukiivuta inakuja na ukuta. Ekstensheni ya kuviringisha, hapana kabisa. Na ile gadi ya friji isitiwe kwenye gari, uwezo wake haufiki. Umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo, kinga yake ni kifaa cha kuzuia mshtuko kinachofungwa ndani ya boksi la breka.

Boksi la nje liwe IP65, yaani lisiloingiza vumbi wala maji ya kurushwa, tundu za waya ziangalie chini na zikazwe kwa glandi. Chumvi ya kaskazi inaifanya shaba kijani kwa muda mfupi, na mjusi akipata upenyo wa kidole anahamia humo, kwa sababu ndani pana joto na sisimizi wa kula. Anakufa katikati ya faza na nyutro. Ukipata nafasi weka boksi upande usiotazama bahari.

Wa Mji Mkongwe: ukuta wa nje hutoboi wala hutundiki boksi bila ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, na vichochoro vingi havipitishi gari hata hivyo. Tafuta pa kuchaji kwa ndugu mwenye ua. Wa maghorofa ya Michenzani wananiuliza kuhusu kuteremsha waya kutoka ghorofa ya nne. Sifungi.

Siku ya kukabidhiwa

Gari ichomekwe, ianze kuchaji. Kwenye Leaf utaona taa tatu za buluu juu ya dashibodi, na inayomweta ndiyo inayojazwa. Hapo hapo bonyeza kitufe cha RCD. Lazima kila kitu kizime papo hapo. Rudisha, subiri gari ianze tena. Kitufe hicho kibonyeze kila mwezi, uchague siku utakayoikumbuka. Mteja wangu mmoja anabonyeza kila mwezi ukiandama.

Dai risiti yenye vifaa kimoja kimoja: chaja na namba yake ya kiwandani, aina ya RCD, urefu na unene wa waya, omu za ethi. Piga picha kabla mtaro haujafukiwa. Wenzetu wanaolipwa ruzuku hudaiwa karatasi kama hizo kabla ya kupewa senti; kwako zitafaa siku chaja ikifa ndani ya waranti na muuzaji akasema fundi wako ndiye aliyeiunguza.

Walioko Pemba kazi ni ile ile. Sehemu nyingi nilizofanya Wete na Chake rodi inazama vizuri kuliko Makunduchi, lakini vilima vinakula betri, hesabu uniti kidogo zaidi. Na ukiagiza RCD, agiza mbili. Ikifa moja wakati wa kusi, usiku mmoja boti isiposafiri, utakuwa unatazama gari.